Benchi la Kazi za Zamani

Asubuhi ya kuapishwa, mshonaji alipiga pasi gauni lake la kijivu mara mbili, kwa sababu baada ya mara ya kwanza mdogo wake alilikalia.

"Sasa umeliweka kitini kama mgeni, ningejuaje?" mdogo wake alisema, akalitoa chini yake na kulikung'uta.

Walikuwa wanashona pamoja katika chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili zimeelekeana, katikati kioo kirefu chenye ufa ambao wateja wanene waliulaumu na wateja wembamba hawakuuona. Sheria ilitaka Tume ya kusimamia mabenki na nyumba za akiba iwe na mjumbe mmoja ambaye hajawahi kufanya kazi ya fedha. Chama cha washonaji kilimpendekeza dada mkubwa, kwa sababu alikuwa anapiga kelele sana mikutanoni na walitaka kupumzika kidogo.

"Wataniuliza nini huko?"

"Watakuuliza kama unakunywa chai, dada. Wewe sema ndiyo. Mengine utajua mbele kwa mbele."

Ofisi za Tume zilikuwa ghorofa ya tatu. Korido ilikuwa ndefu, imepakwa rangi ya maziwa mpaka usawa wa bega na rangi ya matope kuanzia bega kwenda chini, na mwisho wake kulikuwa na mlango wa chumba cha mikutano. Kando ya mlango kulikuwa na benchi. Juu ya benchi walikaa watu wanne waliovaa vizuri, na mshonaji akawasalimu kama mtu anavyosalimia watu waliotangulia kufika kwa daktari. Waliitika. Ndipo alipoona kwamba hawakuwa watu. Zilikuwa kazi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Waliotunga kiapo cha Tume, zamani hizo, waliogopa kwamba aliyetoka benki ataipendelea benki, na aliyetoka bima ataipendelea bima. Basi wakaandika kwamba kila mjumbe, kabla ya kuingia, ataiacha kazi yake ya zamani mlangoni. Waliandika mlangoni. Wangeandika nyumbani kwake, au hata ng'ambo ya barabara, mambo yangekuwa mengine, lakini ilikuwa Ijumaa mchana na watu walitaka kwenda zao. Tangu hapo kila aliyeapa, kazi yake ilimtoka na kukaa mlangoni. Mwanzoni zilikuwa zinasimama. Baadaye likanunuliwa benchi.

Ya kwanza ilikuwa kazi ya mwenyekiti, ukurugenzi wa benki. Ilivaa suti yenye mistari na ilikuwa nene kiasi kwamba miguu yake haikugusa sakafu. Ya pili ilikuwa ya wakili, aliyewahi kuwatetea wakopeshaji. Ilikunja nne na kuzungumza kwa kidole. Ya tatu ilikuwa ya mkaguzi wa hesabu, miwani mizito, na ilikuwa na adabu ya kugeukia ukuta kila alipopita mtu mwenye mkoba. Ya nne ilikuwa ya mama wa bima. Hiyo ilisema pole kwa kila mtu, na ukiisubiri iseme neno la pili unakuwa mzee.

Mshonaji alisimama mbele ya mlango, akainua mkono, akasoma kiapo. Alipofika kwenye maneno ya kuacha kazi, alihisi kama mtu anayevuliwa sweta na mwingine. Kazi yake ikatoka, ikakaa mwisho wa benchi. Ilikuwa mwanamke wa umri wake, futi shingoni, nyuzi zimeng'ang'ania sketi, pini zimejaa mdomoni kama alivyozoea kuzishika yeye akipinda pindo. Kwa sababu ya pini haikusema kitu.

Mhudumu wa chai, mzee aliyekuwa anasubiri pensheni yake kwa miaka mingi, alisogea na birika.

"Mama, hii yako inakunywa na sukari?"

"Sukari nyingi," mshonaji alisema.

"Na hizo pini?"

"Itajua yenyewe."

Chumba cha mikutano kilikuwa na zulia na meza inayong'aa. Wajumbe wanne walimpokea kwa uchangamfu. Mwenyekiti alikuwa mtu mwembamba. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Wote walikuwa na uso wa watu walioamshwa sasa hivi.

Waliketi na kufungua jalada la kwanza. Lilihusu benki moja na riba yake.

"Riba," mwenyekiti alisema taratibu. "Jamani, nikumbusheni. Riba ni ile ya kuweka au ile ya kuondoa?"

Wakili aliutazama mkataba juu chini. Alisema ulikuwa na mistari mingi. Mkaguzi aliomba radhi, akahesabu kurasa kwa vidole, akachanganya, akaanza tena. Mama wa bima alimsikitikia, lakini hakukumbuka neno la kusikitikia. Mshonaji naye alitazama pazia la dirisha na kuona kitambaa tu, hakujua kimekatwaje wala kimeshonwa na nani, na hilo lilimtia baridi kuliko kiyoyozi.

"Kwa hiyo tufanyeje?" aliuliza.

"Tunaomba ushauri wa nje," mwenyekiti alisema. Akainuka, akafungua mlango kiasi cha kupitisha uso, akanong'ona. Sauti nene ikajibu kutoka kwenye benchi. Akarudi, akakaa. "Ushauri ni kwamba tukubali."

Wakakubali. Vivyo hivyo jalada la pili, na la tatu. Ilikuwa kazi nyepesi, na chai ilikuja na biskuti.

Wiki zilizofuata mshonaji alizijua tabia za korido. Wenye mabenki walipokuja kuleta maombi yao hawakuingia chumbani, kwa maana kanuni ziliwakataza kuzungumza na wajumbe. Hakuna kanuni iliyowakataza kuzungumza na benchi. Walivuta kiti, wakakaa goti kwa goti na ukurugenzi wa benki, wakacheka mambo ya zamani. Walileta korosho, viatu, tiketi za ndege. Benchi lilikula kila kitu. Kila Jumatatu kazi zile zilikuwa nene kidogo kuliko Ijumaa, na wenyewe huko ndani walikuwa wamekonda kidogo, mpaka saa ya mwenyekiti ikawa inapanda na kushuka mkononi kama bangili.

Kazi ya mshonaji ilibaki vilevile, imekaa ukingoni nusu kiuno. Hakuna aliyeiletea kitu. Mara mojamoja ukurugenzi ulichanika kwapani kwa unene, na kazi ya mshonaji ilitoa sindano na kuushona palepale, bila kuulizwa, kwa sababu haikuwa na namna ya kuona mshono umefumuka ikauacha.

Kule dukani mambo yalikuwa magumu. Kiapo kilikuwa cha miaka minne, usiku na mchana, na kazi haikurudi nyumbani. Mshonaji alikaa kwenye cherehani yake na kuikanyaga, uzi ukakatika. Alipotia tena uzi, aliupitisha pasipo na tundu. Kidole chake cha kati, kilichokuwa kigumu kama kwato kwa miaka ya sindano, kililainika kama cha mtoto. Mdogo wake alishona peke yake sare za shule, fungu lake na la dada yake, na hakulalamika, ila alimtania.

"Mheshimiwa, hebu niokotee kifungo hicho. Au mpaka upige kura?"

"Cheka tu. Miaka minne itaisha."

"Itaisha, lakini mwenye nyumba hatusubiri miaka minne, dada."

Hapo utani uliisha. Mwenye nyumba alikuwa anauza chumba chao. Aliwapa mpaka mwisho wa mwezi wakinunue wao, la sivyo angemuuzia muuza simu wa jirani, ambaye alikuwa ameshaanza kuja kupima ukuta kwa mikono, akitabasamu. Mdogo mtu hakuwa na wasiwasi na bei. Miaka yote ya kushona kwao wawili ilikuwa imelala katika nyumba ya akiba ya mtaa, kama ilivyolala ya nusu ya washonaji na ya muuza vitambaa na ya mama anayefua. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine.

"Watu wanasema nyumba ya akiba imeanza kukohoa," alisema, macho yakiwa kwenye mshono. "Juzi muuza vitambaa aliambiwa na meneja aje kesho. Jana akaambiwa kesho. Wewe uko huko juu, dada. Niambie neno moja tu. Nitoe au nisitoe?"

Meneja wa nyumba ya akiba alikuwa na sifa hiyo kitambo, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kesho.

Mshonaji alilijua jibu. Jalada lilikuwa limeshafika mezani: Bwana Kesho aliomba ruhusa ya kufunga madirisha ya malipo kwa muda, mtu aweke lakini asitoe, mpaka hali itulie. Lingeamuliwa Alhamisi. Lakini alikuwa ameapa pia kwamba ya chumbani yatabaki chumbani, na alikuwa mtu wa kushika neno. Ndiyo maana wateja walimwachia vitambaa vyao bila risiti.

"Subiri," alisema.

"Nisubiri nini?"

"Likija kwetu lolote la namna hiyo, nitalikataa."

"Uko mmoja na wao wanne."

"Wale wanne hawajui hata riba ni mnyama gani. Nitawaeleza kama watu, wataelewa. Si wabaya. Ni watupu tu."

Mdogo wake aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, na cherehani ikanyamaza.

"Sawa," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Nitasubiri."

Jumatatu mshonaji alisimama mkutanoni na kusema wazi kwamba tatizo la Tume lilikuwa benchi. Alisema kazi za zamani zingekuwa ndani, kila mtu angeziona zinasema nini na zinakula nini. Nje, zilikuwa zinaamua kila kitu na hakuna anayezihoji. Wajumbe walisikiliza kwa makini. Mkaguzi aliandika neno benchi na kulipigia mstari.

"Hoja nzito sana hii, mama," mwenyekiti alisema. "Tusiipitie juujuu. Tuombe ushauri wa nje."

Akafungua mlango, akanong'ona. Kilisikika kicheko kinene, kisha sauti ya kidole kikigonga mbao. Akarudi.

"Wamekubali kwamba benchi lina tatizo. Ni gumu. Litawekewa mito."

Mito ilikuja Jumanne. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, mitano, na wa tano ulikuwa mpana kuliko kiuno cha kazi ya mshonaji, kana kwamba fundi aliyeishona alipewa vipimo vya mtu mwingine.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mshonaji alipofika ghorofa ya tatu, Bwana Kesho alikuwa ameshafika, amekaa goti kwa goti na ukurugenzi wa benki, koti lake linachuruzika kwenye sakafu. Alikuwa na uso mzuri, uso wa mtu anayebeba mtoto wa wenyewe. Aliinuka kwa heshima.

"Shikamoo mama. Mdogo wako hajambo? Ni mteja wetu wa siku nyingi. Mwambie aje—"

"Kesho," mshonaji alisema.

"Hasa," Bwana Kesho alisema, akafurahi kwamba wameelewana.

Mshonaji aliiangalia kazi yake. Ilikuwa inamtazama tangu alipotokeza kwenye ngazi. Hakuingia chumbani. Aliishika mkono, ukiwa na joto na ugumu aliokuwa ameusahau, akaivuta. Ilikuwa nyepesi. Kazi nyingine nne zilikunja miguu kuwapisha, na ile ya bima ikasema pole.

Waliingia pamoja. Palepale kwenye zulia mshonaji alihisi vidole vyake vinarudi. Aliona pazia limekatwa mshazari na mtu mwenye haraka. Aliona suti ya mwenyekiti imepunguzwa mara tatu. Akajua atakachosema, na neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Hakuna aliyeshtuka. Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akafungua kitabu cha kanuni mahali palipowekwa alama ya karatasi mpya.

"Mama, karibu. Karibuni. Naona mjumbe ameingia na kazi yake."

"Nimeingia nayo. Na nina la kusema juu ya nyumba ya akiba."

"Bila shaka. Lakini kanuni inasema mwenye kazi yake humu ndani ana maslahi binafsi katika mambo tunayoamua. Sisi wengine zetu ziko nje, hatuna. Mwenye maslahi hutoka wakati wa uamuzi."

"Mimi ndiye nitoke?"

"Katika watu watano humu, ni wewe peke yako mwenye mgongano." Alisema bila ubaya, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa shati nje ndani. "Si mimi, mama. Ni kanuni."

"Basi natoka nayo."

Wakili aliinua mkono, taratibu, kama anayejaribu kukumbuka mkono unainuliwaje. Alisema, akisoma kwenye ile karatasi mpya, kwamba viti vitano lazima vyote vikaliwe, vinginevyo akidi haitimii na mkutano si mkutano. Kiapo kilitaja mjumbe na kazi yake, akasema. Mmoja alipaswa kuwa ndani na mmoja mlangoni. Hakikusema yupi awe wapi.

Waliitazama kazi ya mshonaji. Ilikuwa imesimama, futi shingoni, pini mdomoni. Mama wa bima aliivutia kiti.

Mshonaji aliisubiri ikatae. Iliufungua mdomo kidogo, pini zikametameta, ikaufunga. Kisha ikakaa. Ilikuwa kazi, iliwekwa mahali, ikakaa.

Akatoka. Mlango ulifungwa nyuma yake bila sauti, kwa maana bawaba zilikuwa zimetiwa mafuta wiki ile. Kwenye benchi palikuwa na nafasi moja, ule mto wa tano. Akaukalia, na ulimtosha kabisa.

"Chai?" mhudumu aliuliza.

"Na sukari," alisema, na sauti yake aliisikia kwa mbali.

Benchi lilikuwa na joto la watu waliokaa muda mrefu. Lilikuwa linanuka korosho na viatu vipya. Ukurugenzi wa benki ulimsogezea karatasi ya korosho bila kumtazama, na yeye akachukua mbili kwa adabu tu. Bwana Kesho alikuwa anaeleza. Alieleza vizuri. Alisema watu wakitoa wote siku moja hapatabaki kitu, na wasipotoa kila mmoja ataendelea kuwa nacho, kwa maana kitakuwa kimeandikwa. Wakati anaongea mvua iligonga paa, na mshonaji alitafuta yale maneno aliyokuwa nayo kwenye meno muda mfupi uliopita. Yalibaki ndani, mdomoni mwa mwenye pini.

"Kwa hiyo, waheshimiwa?" Bwana Kesho aliuliza.

Ukurugenzi wa benki uliinua mkono. Uwakili ukainua kidole, ambacho kwake kilitosha. Ukaguzi ulijigeuza ukutani na kuinua wake. Bima ikasema pole, ikainua. Ulipita muda mfupi ambapo Bwana Kesho alisubiri, bado anatabasamu, na macho yake yalikuwa juu kidogo ya uso wa mshonaji. Mshonaji akatazama alikokuwa anatazama yeye. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshainuka, kidole cha kati laini kuliko vyote.

"Nashukuru sana, mama," Bwana Kesho alisema.

Mlango ulifunguka kiasi cha uso mmoja. Mwenyekiti alinong'ona, ukurugenzi ukajibu, mlango ukafungwa. Ndani zilisikika kalamu. Baadaye iliandikwa kwamba uamuzi ulipita bila mpinzani, na kwamba mwakilishi wa watu wa kawaida, fundi cherehani kwa taaluma, alikuwepo chumbani muda wote na hakutoa pingamizi.

Alipofika dukani jioni, mdogo wake alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona. Koti lake lilikuwa limelowa. Muuza simu alikuwa amesimama mlangoni kwao na kamba ya kupimia, akisema hana haraka.

"Wamefunga madirisha," mdogo mtu alisema. "Nimefika na kitabu changu mkononi, wamebandika karatasi kwenye kioo. Muuza vitambaa amekaa chini kwenye maji kama mtoto. Nilisubiri, dada. Nilisubiri kama ulivyosema."

"Najua."

"Uliwaambia?"

"Sikuwamo chumbani."

"Si ulisema utakataa! Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

Mdogo wake alimtazama usoni, kisha mikononi. Alimtazama kiunoni pia, ambapo gauni la kijivu, lililomkaa vizuri asubuhi, lilikuwa limevuta mishono pande zote mbili.

"Lete hilo gauni," alisema mwishowe. "Nilifungue kabla halijachanika."

Alilifungua kwenye mishono, akaongeza kitambaa cha vidole vinne kila upande, kwa sababu fundi hawezi kuona mshono unavuta akauacha. Muuza simu alipima ukuta, akaandika, akawatakia usiku mwema.

Wiki iliyofuata, mdogo wake alipokuwa anahamisha cherehani moja kwenda barazani kwa shangazi yao na kuiuza ya pili, mshonaji hakuwepo kusaidia kubeba. Ilikuwa siku ya mkutano. Alipanda ghorofa ya tatu kwa kusimama kila ngazi kupumua. Ndani, kazi yake ilikuwa imeshakaa kitini mapema kuliko wote, nayo imekonda. Mwenyekiti aliisifu kwamba Tume haijawahi kuwa na mjumbe mtulivu kama yule. Koridoni mgeni mmoja mwenye mkoba alikuwa anavuta kiti. Ukaguzi uligeukia ukuta, na zile kazi nyingine zilikuwa zimeshasogea kumpisha mshonaji akae.